HARAKA NA BARAKA: USHUGHULIKIAJI WA MADAI YA FIDIA YA ULEMAVU YA ASKARI WA ZAMANI NCHINI MAREKANI

Utangulizi

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, kwa mtazamo wa kijuujuu, zinakinzana. Walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Wakanena pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa kuwa ukinzani huo si kosa, kwani kila methali ina muktadha wake. Hata hivyo, ipo nyanja moja ya utawala wa umma ambamo methali hizi hukutana katika muktadha mmoja na juu ya meza moja, nayo ni ushughulikiaji wa madai ya fidia ya ulemavu ya askari wa zamani nchini Marekani. Afisa akiamua kabla ya ushahidi kutimia, mlemavu hunyimwa haki yake. Akikawia, mlemavu huumia, na pengine hufariki akingoja.

Makala hii inanuia kueleza safari ya dai la aina hiyo, kiini cha ucheleweshaji wake na hatua zilizochukuliwa kuupunguza. Hoja yetu ni kwamba muda mwingi haupotei katika kuamua, bali katika kutafuta ushahidi. Kwa hivyo, njia iliyo salama ya kuharakisha ni kuufupisha utafutaji huo, wala si kumhimiza mwamuzi aandike upesi.

Inafaa kwanza tubainishe istilahi. Wapo wanaomwita askari wa aina hii 'mkongwe wa vita'. Istilahi hiyo ina upungufu, maadamu ukongwe huashiria umri, ilhali anayezungumziwa aweza kuwa kijana aliyeondoka jeshini akiwa na miaka 24. Isitoshe, si lazima awe amepigana vitani. Katika makala hii tutatumia 'askari wa zamani'.

Safari ya dai

Madai haya hushughulikiwa na Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani. Asasi hiyo ilianzishwa mwaka 1930, ikapandishwa hadhi ya wizara kamili mwaka 1989. Kwa kawaida mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana ulemavu au maradhi sasa, kwamba alipatwa na jeraha, ugonjwa au tukio fulani akiwa kazini jeshini, na kwamba pana uhusiano baina ya hayo mawili. Dai likikubaliwa, ulemavu hupewa kiwango kuanzia asilimia 0 hadi 100, kwa kupanda kumi kumi, na malipo ya kila mwezi hufuata kiwango hicho.

Ikumbukwe kwamba sheria ya Marekani haimwachi mdai peke yake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000 inailazimu Idara imsaidie kutafuta ushahidi: rekodi za jeshi, rekodi za hospitali na, inapohitajika, uchunguzi wa daktari. Aidha, ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, shaka humfaidi mdai. Kanuni hizi ni za huruma, lakini ndizo pia zinazorefusha safari. Kila barua ya kuomba rekodi lazima ingoje jibu, na kila miadi ya daktari ingoje siku yake. Faili laweza kukaa miezi mingi mezani pasipo mtu kuligusa, si kwa uvivu wa afisa, bali kwa sababu karatasi moja haijafika.

Mali bila daftari

Waswahili husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe 12 Julai 1973, moto ulizuka katika kituo cha kuhifadhi rekodi za wanajeshi mjini St. Louis, ukateketeza rekodi zipatazo milioni 16 hadi 18. Miongoni mwazo zilikuwamo takribani asilimia 80 za askari wa nchi kavu walioachishwa kazi kati ya mwaka 1912 na 1960. Askari ambaye faili lake liliungua hubidi athibitishe utumishi wake kwa vyeti alivyobaki navyo, rekodi za kikosi chake au maneno ya wenzake. Kila njia kati ya hizo ni ndefu.

Jambo hili si geni kwetu. Majina ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam yametokana na kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wengi waliangamia katika vita hivyo, na ujira wa wengi wao haukuwafikia warithi, mojawapo ya sababu ikiwa udhaifu wa kumbukumbu. Lugha ililihifadhi jina la kikosi, lakini daftari halikuyahifadhi majina ya watu. Ni dhahiri kwamba haki isiyoandikwa hupotea kwa wepesi.

Mrundiko wa mwaka 2013

Kwa istilahi za Idara, dai huhesabiwa kuwa limerundikana linapopita siku 125 bila uamuzi. Kufikia Machi 2013, madai ya aina hiyo yalikuwa takribani 611,000. Sababu zilikuwa nyingi: askari waliorejea kutoka Iraki na Afghanistani, askari wa vita vya Vietnam waliokuwa wakizeeka, na maradhi mapya yaliyotambuliwa mwaka 2010 kuwa yanahusiana na Agent Orange, dawa ya kuua majani iliyonyunyizwa katika misitu ya Vietnam.

Fauka ya hayo, kazi ilifanywa kwa karatasi. Mwaka 2012, wakaguzi wa Idara walikuta katika ofisi ya Winston-Salem mafaili yapatayo 37,000 yakiwa yamepangwa juu ya makabati, hata uzito wake ukahofiwa kuhatarisha uimara wa jengo. Faili moja liliweza kusomwa na mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Lilipohitajika mji mwingine, lilisafirishwa.

Kufikia katikati ya mwaka 2013, ofisi zote 56 za mikoa zilikuwa zimewekewa mfumo wa tarakilishi wa kuhifadhi na kushughulikia madai. Wafanyakazi walitakiwa kufanya kazi saa za ziada, na madai yaliyozidi miaka miwili yakapewa kipaumbele. Kufikia Agosti 2015, mrundiko ulikuwa umeshuka chini ya 100,000.

Njia za kufupisha utafutaji

Tukichunguza hatua zilizoleta manufaa ya kudumu, tutaona kwamba nyingi zinalenga ushahidi. Kwanza, mdai aweza kuwasilisha dai lililokamilika, yaani akaambatisha ushahidi alio nao na kuthibitisha kwamba hana mwingine wa kuongeza. Pili, kuna hojaji maalumu ambazo daktari huzijaza kwa kufuata vigezo vilevile anavyovitumia mwamuzi, hivi kwamba hapana haja ya kumwandikia tena kuuliza alichomaanisha. Tatu, tangu mwaka 2015 mdai aweza kutoa taarifa rasmi ya nia ya kudai, kisha akapata mwaka mmoja wa kukusanya ushahidi. Dai likikubaliwa, malipo yaweza kuhesabiwa tangu siku ya taarifa hiyo. Hatua hii inamwondolea mdai hofu iliyokuwa ikimsukuma kuleta dai bichi.

Nne, na hii ndiyo yenye nguvu zaidi, sheria yenyewe yaweza kuubeba mzigo wa uthibitisho. Sheria ya mwaka 1991 kuhusu Agent Orange iliweka msingi wa kuchukulia kwamba maradhi fulani ya waliotumikia Vietnam yalitokana na utumishi huo. Vivyo hivyo, Sheria ya PACT, iliyotiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022, iliongeza zaidi ya maradhi 20 yanayohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka na sumu nyinginezo. Mdai wa kundi hili hahitaji daktari wa kueleza uhusiano; athibitishe tu kwamba alikuwa mahali pale na kwamba anaugua. Kweli, mlango ulipopanuliwa, waliobisha waliongezeka na mrundiko ukapanda tena. Hata hivyo, wengi wao walikuwa watu ambao hapo awali wangekataliwa, na foleni ya wanaotarajia haki haiwi sawa na foleni ya wanaozungushwa.

Tahadhari

Haraka isiyo na ushahidi hailiui dai, hulihamisha tu. Uamuzi wenye makosa huzaa rufaa. Wakati mrundiko wa madai ya awali ulipokuwa ukipungua, rufaa ziliendelea kujaa, hata zikazidi 400,000 mwaka 2017. Ndiyo sababu bunge lilipitisha mwaka huo sheria ya kurekebisha rufaa, iliyoanza kutumika Februari 2019, ikimpa asiyeridhika njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie dai, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa.

Kwa upande wake, mdai naye ana wajibu. Askari hufunzwa kuvumilia maumivu, naye hujibu mbele ya daktari kwamba hajambo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa humuumbua hata kabla ya kifo, kwa kuwa daktari huandika alichosikia, na mwamuzi huamua kwa alichosoma.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ucheleweshaji wa madai ya fidia ni tatizo la ushahidi kabla ya kuwa tatizo la mwendo. Kinachohitajika ni rekodi zinazotunzwa tangu siku ya jeraha, maswali yanayoulizwa mara moja na kwa uwazi, na sheria isiyomtaka mgonjwa athibitishe lile ambalo serikali yenyewe inalijua. Tangu mwaka 2008, mrithi anayestahili ameruhusiwa na sheria ya Marekani kuchukua nafasi ya mdai aliyefariki na kuliendeleza dai lake. Kifungu hicho ni cha haki, lakini kuwapo kwake ni ushahidi kwamba kuna waliongoja hadi mwisho wa maisha yao. Kwa hao, ngoja ngoja haikuumiza matumbo pekee.