Hadithi za wanasesere zafufuliwa, mashabiki wavutana

Na Mwandishi Wetu, Lalago

WATOTO wa Lalago, mji mdogo wa biashara katika Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, hawana haja ya kwenda dukani kutafuta gari la kuchezea. Waya uliookotwa, kandambili kuukuu zilizokatwa duara zikawa magurudumu na kijiti kirefu cha kuongozea vinatosha kuunda lori la kusomba pamba.

Mwenye lori ndiye anayeamua dereva ni nani, mzigo umetoka wapi na njiani kumetokea nini. Hadithi yake haina mchapishaji wala mkataba, na akiichoka huianza upya bila kumwomba mtu ruhusa.

Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko vipo vitu vya kuchezea vilivyouzwa kila kimoja na jina lake, kazi yake na historia yake, na visa vyao vikachapishwa kila mwezi katika vitabu vya hadithi za picha, au katuni kama wengi wanavyoviita.

Watoto waliovisoma vitabu hivyo katika miaka ya 1980 leo ni watu wazima wenye watoto wao, na kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakivutana juu ya swali moja: hadithi iliyokoma inapofufuliwa, nani mwenye haki ya kuiendeleza?

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa askari wanaojulikana kama G.I. Joe. Swali lenyewe, hata hivyo, si geni kwa msomaji wa Tanzania aliyewahi kufuatilia jarida la Sani.

ASKARI ALIYEHITAJI HADITHI

G.I. Joe aliingia sokoni mwaka 1964, akiwa mwanasesere mwenye urefu wa takriban sentimita 30, aliyevalishwa sare za kijeshi. Kampuni ya Hasbro iliyomtengeneza iliepuka kabisa kumwita mwanasesere, kwa kuhofia kwamba wavulana na wazazi wao wangemkataa.

Biashara hiyo ilififia na utengenezaji ukasimama kabla ya muongo wa 1970 kumalizika. Wakati huohuo, sanamu ndogo za filamu ya Star Wars zilikuwa zimeonyesha kwamba mtoto anaweza kununuliwa vikaragosi vingi vidogo pamoja na magari yao, badala ya mwanasesere mmoja mkubwa.

Mwaka 1982 Hasbro ikamrudisha G.I. Joe kwa sura mpya. Safari hii hakuwa mtu mmoja bali kikosi kizima cha askari wenye urefu usiofika sentimita 10. Tatizo likawa moja: askari hao walikuwa nani, na walikuwa wakipigana na nani?

Kampuni ya uchapishaji ya Marvel ndiyo iliyopewa kazi ya kujibu. Mhariri Archie Goodwin alipendekeza adui anayeitwa Cobra, na kazi ya kuandika ikaangukia kwa Larry Hama, Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyezaliwa mwaka 1949, ambaye aliwahi kutumikia jeshi la nchi yake wakati wa vita vya Vietnam.

Hama hakuandika vitabu tu. Ndiye pia aliyeandika maelezo mafupi yaliyochapishwa nyuma ya pakiti za askari hao, yakieleza kila mmoja ametoka wapi na ana ujuzi gani. Watoto waliyakata kwa mkasi na kuyatunza.

Kulikuwa pia na hesabu ya kibiashara. Taratibu za matangazo ya televisheni za wakati huo zilibana matumizi ya picha za katuni zinazotembea katika tangazo la kitu cha kuchezea. Tangazo la kitabu halikubanwa hivyo. Hasbro ikatangaza kitabu kwenye televisheni, na kwa kufanya hivyo ikawa imewatangaza askari wake.

Kwa maana hiyo, mashabiki wanakubali kwamba hadithi wanayoigombania ilizaliwa ikiwa tangazo. Wanachobishania ni iwapo ilibaki kuwa tangazo.

Wanaosema haikubaki hivyo humtaja Snake Eyes. Askari huyu alitengenezwa kwa plastiki nyeusi bila kupakwa rangi, ili kiwanda kiokoe gharama. Hakuwa na sura. Hama akamfanya komando aliyejeruhiwa usoni na kupoteza uwezo wa kusema.

Katika toleo la 21, lenye tarehe ya Machi 1984, Hama alisimulia kisa kizima cha Snake Eyes kwa picha tupu, bila neno hata moja. Toleo hilo hadi leo hutajwa miongoni mwa kazi zilizowafunza wachoraji wengi namna ya kusimulia kwa picha. Kikaragosi cha bei rahisi kuliko wenzake kikawa mhusika anayependwa kuliko wote.

MIENDELEZO MIWILI YA HADITHI MOJA

Mfululizo wa Marvel ulikoma Desemba 1994 ukiwa umefika toleo la 155. Kuanzia hapo ndipo mvutano ulipoota mizizi.

Mwaka 2001 kampuni ya Devil's Due iliifufua hadithi hiyo kwa idhini ya Hasbro. Iliichukua pale Marvel ilipoishia, ikaruka miaka kadhaa mbele na kukikuta kikosi kimevunjwa. Mfululizo huo mkuu uliandikwa na watunzi wengine, si Hama. Uliuzwa vizuri na ukaamsha watu wengi waliokuwa wameweka vitabu vyao kwenye masanduku.

Kibali hicho kilihamia kwa kampuni ya IDW mwaka 2008. Miaka miwili baadaye IDW ikamrudisha Hama mwenyewe na kutoa toleo lililopewa namba 155½, kisha likafuata la 156. Hadithi yote ya Devil's Due ikawekwa kando kana kwamba haikuwahi kuandikwa.

Msomaji aliyetumia miaka saba kuifuatilia Devil's Due akajikuta ameambiwa kwamba alichokisoma hakikutokea. Aliyekuwa akimsubiri Hama tangu mwaka 1994 akaona haki imetendeka. Wote wawili walikuwa wamelipia vitabu vyao.

Jambo la namna hiyo liliwapata pia wapenzi wa Transformers, roboti zinazojigeuza kuwa magari na ndege, ambazo Hasbro ilizipata kutoka kampuni ya Takara ya Japani. Marvel ilianza kuchapisha hadithi zao mwaka 1984 ikikusudia matoleo manne tu, lakini mfululizo ukaendelea hadi la 80 mwaka 1991.

Mwaka 2012 IDW ilimwita mtunzi Simon Furman na mchoraji Andrew Wildman, waliokuwapo mfululizo huo ulipokoma, waumalizie kuanzia toleo la 81 hadi la 100. Katika kufanya hivyo Furman aliuweka kando mwendelezo mwingine aliokuwa ameuandika yeye mwenyewe kati ya mwaka 1993 na 1994. Baadhi ya mashabiki wakabaki wakitetea kazi ya mtunzi dhidi ya mtunzi huyohuyo.

HOJA ZA KILA UPANDE

Wa kwanza ni wale wanaoshikilia kwamba hadithi ni ya aliyeitunga. Kwao, mhusika si jina na mavazi tu. Ni namna anavyofikiri, na hilo linajulikana na mtu mmoja. Ndiyo maana namba ya toleo ni kitu kikubwa kwao: 156 ikiifuata 155 ni ahadi kwamba uzi haukukatika.

Wa pili wanaona kwamba uzi mrefu mno humfunga msomaji mpya. Kijana wa miaka 15 hawezi kuanza na toleo la 301 la hadithi iliyoanza kabla ya wazazi wake kuoana. Wanataka hadithi ianzishwe upya kila kizazi, kama ngano zinavyosimuliwa na kila bibi kwa namna yake.

Wa tatu hawajali nani anaandika, ila wanataka walichokipenda kisiguswe. Hawa ndio waliotikisika zaidi mwaka 2015, pale Hama alipomuua Snake Eyes na nafasi yake kuchukuliwa na msichana aitwaye Dawn Moreno. Waliokuwa wakidai kwamba mtunzi wa asili pekee ndiye mwenye haki walilazimika kujiuliza kama haki hiyo inafika hadi kuwanyang'anya kipenzi chao.

Nyuma ya pande zote tatu yupo wa nne ambaye habishani, naye ni mmiliki. Majina, sura na alama zote ni mali ya Hasbro. Hama, aliyewapa askari hao tabia kwa miongo kadhaa, hana mamlaka ya kumpa mtu mwingine kibali.

Kibali cha IDW kilipofikia mwisho mwaka 2022, hadithi ilisimama tena, safari hii katika toleo la 300. Mwaka uliofuata kampuni ya Skybound ilikipata na kufanya mambo mawili kwa pamoja. Novemba 2023 ilitoa toleo la 301 likiwa limeandikwa na Hama, na mwaka 2024 ikaanzisha mfululizo mwingine wa G.I. Joe unaoanza mwanzo kabisa, ukiwa na mtunzi mwingine.

Kibiashara ni njia ya kuwaridhisha wote. Kwa mashabiki imekuwa sababu nyingine ya kuulizana ipi kati ya hizo mbili ndiyo hadithi na ipi ni kivuli chake.

KIPEPE NA LODILOFA NI WA NANI?

Tanzania haikupata wahusika waliotokana na viwanda vya vitu vya kuchezea. Wahusika wake walizaliwa magazetini: Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye Kingo wa James Gayo. Kwa jirani, Kenya, wasomaji wa Taifa Leo walikua na Juha Kalulu wa Edward Gitau.

Jarida la Sani lilikuwa na nafasi ya pekee. Jina lake lilitokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na kurasa zake ndizo zilizowapa Watanzania akina Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe na Dokta Pimbi.

Kwa miji iliyo mbali na Dar es Salaam kama Lalago, wakati huo Maswa ikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, nakala moja ya jarida la katuni ilisomwa na watu wengi. Ilipita kutoka kwa aliyeinunua hadi kwa jirani, ikaenda kwa fundi cherehani, na mwisho ikafungia sukari au karanga.

Mchoraji anayehusishwa zaidi na wahusika hao ni Philip Ndunguru, aliyefariki dunia mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliendelea kuwachora, na baadhi ya sura hizo zikaonekana hata katika majarida mengine yaliyokuja baadaye.

Hapo yanarudi maswali yaleyale ya G.I. Joe. Yupo msomaji anayeamini kwamba Lodilofa halisi ni yule aliyechorwa na mkono wa Ndunguru. Yupo aliyezaliwa baada ya mwaka 1986, ambaye hakumjua Lodilofa mwingine zaidi ya yule wa wachoraji waliofuata, na kwake huyo ndiye halisi.

Tofauti iko kwa yule wa nne, mmiliki. Nchini Marekani anajulikana na ana nyaraka. Anayetaka kumchora Snake Eyes anajua abishe hodi wapi, hata kama hatapenda jibu atakalopewa. Hapa nchini, sura iliyobuniwa na mtu mmoja iliweza kuhama kutoka jarida hadi jarida na kizazi hadi kizazi.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na inatambua pia haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Kwa mchoraji aliyefariki mwaka 1986, kazi ambazo haki zake zilikuwa mikononi mwake zinalindwa hadi mwaka 2036.

Sheria hiyo, hata hivyo, haiwezi kumsaidia asiye na ushahidi. Ili kujua nani alibuni nini, lini na kwa makubaliano gani, inahitajika nakala ya kwanza ya jarida na karatasi ya mkataba. Mashabiki wa G.I. Joe wanaweza kubishana usiku kucha wakitaja toleo na ukurasa kwa sababu matoleo yote 155 ya Marvel yamechapishwa tena na yanapatikana.

Wapenzi wa Kipepe na Lodilofa hubishana kwa kumbukumbu tu. Nakala nyingi za zamani ziliishia kwenye meko na vifungashio, na zilizosalia ziko mikononi mwa watu binafsi, kwenye masanduku na makabati. Anayetaka kuwafufua wahusika hao kwa haki atapaswa kuanza na masanduku hayo kabla ya kushika kalamu.