Muuguzi Aliyehamia Lurambi: Tafuta Kazi, Linda Leseni

Leo tunazungumza na muuguzi aliyehamia hapa Lurambi, pengine kwa kumfuata mume au mke aliyepata kazi mjini Kakamega, na sasa miezi inapita bila ajira. Kama wewe si muuguzi, usizime redio. Lako liko mwishoni.

Kwanza, elewa ni nani anayeajiri. Zamani wauguzi wengi wa serikali walikuwa chini ya Wizara ya Afya, na barua moja kutoka Nairobi ingeweza kukutoa Voi ikakuleta Kakamega. Tangu 2013, huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti 47, na kila kaunti ina Bodi yake ya Utumishi wa Umma. Kuhama kaunti sasa ni kama kubadilisha mwajiri: unakotoka wakuachilie, unakokwenda wakukubali. Kama bado una kazi ulikotoka, usijiuzulu kabla ya kupata majibu ya pande zote mbili kwa maandishi.

Pili, jua ushindani ulivyo. Mjini kwetu kuna hospitali kuu ya kaunti, kuna KMTC, na kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wauguzi wapya wanahitimu hapa hapa, na wote wanatazama nafasi zile zile. Utaambiwa pia kwamba kazi ya kaunti ni ya wenyeji tu. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa kwenye kaunti hiyo. Kwa hivyo tuma ombi. Wala usimpe mtu pesa ili akusukumie faili. Hiyo ni hongo, na anayetoa ana hatia kama anayepokea.

Tatu, usingojee tangazo la kaunti peke yake. Hospitali za misheni, kama ile ya Mukumu kwenye barabara ya Kisumu na St. Mary's kule Mumias, huajiri wafanyakazi wao. Hospitali na kliniki za watu binafsi nazo huhitaji wauguzi wa zamu, kazi tunayoiita lokamu. Nenda mwenyewe asubuhi na nakala za vyeti na leseni, umwulizie msimamizi wa wauguzi. Hata zamu mbili kwa wiki zitakuzuia kusahau kazi, na utapata mtu wa kukushuhudia baadaye. Kazi ikiwa ya miezi mitatu au zaidi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi. Uombe.

Nne, linda leseni yako. Baraza la Wauguzi la Kenya linataka uendelee na mafunzo ndipo uhuishe leseni, na asiye kazini ndiye husahau. Uliza hospitalini ni lini wauguzi hufanyiwa mafunzo, uombe kuhudhuria. Nafasi ikitangazwa, siku za kutuma maombi huwa chache. Leseni iliyopitwa na wakati itakufungia mlango hata kama una ujuzi wa miaka kumi.

Tano, majirani wakishajua wewe ni sista, watakugongea usiku na mtoto mwenye homa. Toa huduma ya kwanza na uwaelekeze hospitalini. Lakini usigeuze chumba chako kliniki, wala usikubali kudunga watu sindano nyuma ya duka la dawa lisilosajiliwa. Penisilini inaweza kumbadilikia mgonjwa, akakosa pumzi kwa dakika chache. Nyumbani huna dawa ya kumwokoa wala mwenzako wa kukusaidia.

Nawe msikilizaji usiye muuguzi, lako ni hili: usimshawishi jirani akutibu nyumbani kwa sababu ni rahisi au ni karibu. Ukitibiwa kliniki, una haki ya kuuliza kama anayekuhudumia ana leseni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Muuguzi mgeni, njoo, lakini njoo na leseni iliyo hai.