Tembe la Kwihara: kulinda nyumba ya udongo

Kwihara iko kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Hapo ndipo lilipo tembe alilofikia Henry Morton Stanley mwaka 1871, na ambamo David Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Leo ni makumbusho. Wageni huuliza nani alilala chumba gani. Ni nadra kuuliza nyumba yenyewe inasimamaje, na hilo ndilo linaloamua kama itadumu.

Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye kuta za udongo na paa bapa, nalo la udongo. Vyumba huuzunguka ua, na mbele huwa na baraza. Juu ya kuta hulazwa boriti. Juu ya boriti hupangwa fito zilizobanana, kisha majani, na mwisho udongo unaoshindiliwa mpaka ukaze. Paa hupewa mwinamo mdogo ili maji yasituame.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walilipenda umbo hili kwa sababu ya mzigo. Pembe za ndovu, vitambaa na shanga zilikaa ndani muda mrefu zikisubiri safari, na paa la nyasi huteketea kwa cheche moja. Udongo hauwaki. Agosti 1871, wapiganaji wa Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, walipochoma sehemu ya Tabora, Stanley alikuwa Kwihara; akaamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya kupenyeza mitutu ya bunduki. Hata mlango wenye nakshi za pwani, ambao mgeni huupiga picha kwanza, kazi yake ya msingi ilikuwa kuzuia.

Adui wa tembe ni maji. Ugogo, eneo la Dodoma ambako nyumba hizi zimeenea, mvua ni chache. Tabora hunyesha zaidi, kuanzia Novemba hadi Aprili. Maji hupenya pale paa linapokutana na ukuta, na matone yanayoruka kutoka ardhini huula ukuta chini, taratibu, mpaka unabaki na kiuno chembamba. Mchwa nao huzifuata boriti. Ndiyo maana mwenye tembe hukandika upya kila kiangazi.

Wengine hupiga lipu ya saruji wakidhani wanaimarisha. Saruji hupata ufa, maji huingia na hayapati pa kutokea, ukuta ukalainika ndani huku nje unaonekana mzima.

Kwenye haja hii ya kukandika upya kila mwaka ndipo sheria inapopungukiwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kubomoa au kubadilisha jengo la kale bila kibali. Kwa magofu ya mawe ya Kilwa, katazo hilo lina nguvu kubwa. Nyumba ya udongo isiyoguswa, hata kwa heshima, huanguka yenyewe.

Tembe la Kwihara lilijengwa upya mwaka 1957, na wapo wanaosema kwa hiyo si la asili. Sikubaliani nao. Tembe halikupata kuwa na udongo uleule tangu siku ya kwanza. Uasili wake umo katika namna ya kulijenga na kulikarabati.

Kwa hiyo fungu la kwanza la matunzo yake liwe la udongo, boriti na ujira wa fundi anayejua kukandika, nalo lifike Septemba, kabla ya mvua.