Mshahara wa shemeji, posho ya dada

JUMAPILI iliyopita dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu kutoka Uingereza. Kwa kawaida dada akipiga ni salamu, nani kaolewa, nani kafiwa, basi. Safari hii alikuwa amefura. Kisa? Posho ya watoto.

Mpenzi msomaji, kama hulijui jambo hili, kule majuu serikali humlipa mzazi kwa kila mtoto anayemlea. Mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na pauni 17.25 kwa kila anayemfuata. Dada ana wawili, na siku nyingi tu ni raia wa huko. Piga hesabu: inakaribia pauni 2,250 kwa mwaka. Hapa Bongo hizo ni bodaboda mbili mpya, na chenji inabaki.

Dada haambulii hata senti. Shemeji yetu ana mshahara mnono, na sheria inasema hivi: mmoja wenu akivuka pauni 60,000 kwa mwaka, posho inaanza kumegwa kupitia kodi. Akifika 80,000, imekwisha yote.

Habari hiyo nikaipeleka kijiweni. Washkaji walicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Elfu themanini za pauni halafu analia? Mwambie atukumbuke na sisi!" Kusema kweli hata mimi mwanzoni nilikuwa upande wao. Dereva wa basi wa London akatwe kodi ili mtoto wa bosi anunuliwe maziwa? Haiingii akilini.

Lakini dada alikuwa ameniuliza swali ambalo pale kijiweni hakuna aliyelijibu. Ana majirani, mume na mke, wote wanafanya kazi. Tuseme kila mmoja analipwa pauni 59,000. Jumla 118,000, na posho wanaipata yote, haiguswi. Nyumba yake ina mshahara mmoja tu wa elfu themanini na ushee, na yeye ndiye anayebaki na watoto. "Mdogo wangu, tajiri hapo ni nani?"

Na mama anayelea peke yake? Akipata 80,000 kwa jasho lake, hana mwenza wa kumsaidia, naye anafutwa. Hapo ndipo nilipoanza kugeuka.

Mpango huu aliutangaza George Osborne, waziri wa fedha wa wakati huo, Oktoba 2010. Ukaanza Januari 2013, mipaka ikiwa pauni 50,000 hadi 60,000. Miaka kumi na moja mstari ule haukusogezwa, wakati mishahara inapanda na bei za vitu zinapanda. Waliokuwa si matajiri wakajikuta wamo kwenye wavu. Machi 2024 Jeremy Hunt ndiye aliyeipandisha mipaka, akaahidi pia kwamba ifikapo Aprili 2026 kitahesabiwa kipato cha nyumba nzima. Ukaja uchaguzi, chama kikabadilika, na Oktoba 2024 Rachel Reeves akaliweka pembeni wazo hilo. Gharama, alisema. Basi hesabu ikabaki ya mtu mmoja mmoja.

Ila kilichomfurisha dada siyo hicho hasa. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mshahara wa shemeji ulikuwa umeshavuka mpaka wa enzi zile. Wakaambizana, fomu tujaze ya nini na pesa itarudi serikalini? Hawakujaza. Kumbe fomu ile ina siri yake: mzazi asiye na kazi, mwenye mtoto wa chini ya miaka 12, akiijaza anahesabiwa kama aliyechangia pensheni, hata kama posho yenyewe ameikataa! Kule pensheni kamili ya serikali inataka miaka 35. Juzi dada kafungua kumbukumbu zake, kakuta miaka mitupu. Mwaka 2023 serikali ilikiri kasoro hiyo na kuahidi njia ya kuwarudishia wazazi miaka yao, na sasa dada anahangaika nayo. Shemeji je? Miaka yake yote imo, haina hata tundu.

Hebu fikiria. Aliyeipigania posho hii alikuwa mwanamke, mbunge Eleanor Rathbone. Mwaka 1945 muswada ulitaka pesa apewe baba, yeye akakomaa mpaka ikaandikwa apewe mama. Alifariki Januari 1946. Malipo ya kwanza, shilingi 5 kwa wiki kuanzia mtoto wa pili, yalitoka Agosti mwaka ule ule.

Mimi sina ugomvi na kumkata tajiri. Wamkate! Ila wapime nyumba nzima, siyo bahasha moja. Na pensheni ya mama waiweke mbali na mshahara wa mumewe.

Nilimpigia dada kumweleza ya kijiweni. Akacheka sana. Kisha akanyamaza kidogo. "Shemeji yako si mchoyo," akasema. "Nikiomba ananipa. Lakini hata hela ya soksi za mtoto, mdogo wangu, lazima niombe." Mara nikasikia mtoto analia nyuma yake, akaniaga.