Kutoka Namirembe hadi Malindi: safari ya eksirei
(Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1901, Dk. Albert Cook na ndugu yake, Dk. John Howard Cook, walipoanza kupokea wagonjwa wa malale katika Hospitali ya Mengo. Leo tunabaki kilimani hapohapo, lakini tunauacha ugonjwa na kukigeukia kifaa. Nataka kuonyesha kwamba mashine iliyowawezesha madaktari wa Mengo kuuona mfupa bila kupasua nyama, na setilaiti iliyorushwa kutoka pwani ya Kenya kwenda kutafuta nyota zisizoonekana kwa macho, ni watoto wa elimu moja. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba tiba ni elimu ya lazima, na kuchunguza nyota ni anasa ya mataifa yenye fedha. Imani hiyo ni potofu, na imetugharimu.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ambayo haikujulikana kabla yake. Majuma machache baadaye akapiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha, ikionyesha mifupa ya vidole na pete juu yake. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Habari za ugunduzi wake zilienea duniani wakati Albert Cook akijiandaa kuja Uganda. Aliingia Mengo Februari 1897 pamoja na wamisionari wenzake wa CMS (Church Missionary Society), akiwemo nesi Katharine Timpson aliyekuja kuwa mkewe, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Mombasa. Hospitali waliyoijenga ikapigwa radi mwaka 1902, ikaungua, ikajengwa upya kwa matofali.

Miaka kama kumi hivi baada ya picha ile ya mkono wa Anna Bertha, Mengo ilikuwa na mashine yake ya eksirei, inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Tusilipite jambo hili haraka. Kampala haikuwa na umeme wa mji. Huo ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1930. Mizigo kutoka ng'ambo ilishuka Mombasa, ikapanda reli iliyokuwa imefika Kisumu mwaka 1901 tu, kisha ikavuka ziwa kwa meli. Na moyo wa mashine ya eksirei ni bomba la kioo lililotolewa hewa, kitu kinachovunjika upesi. Kukileta kifaa cha namna hiyo kwenye makao makuu ya Buganda, mahali ambapo fundi wa kukitengeneza alikuwa daktari mwenyewe, kulihitaji mtu anayeamini kwamba mgonjwa wa Mengo anastahili elimu ileile anayopewa mgonjwa wa London.

Sasa tueleze inavyofanya kazi. Eksirei ni nuru, sawa na nuru ya jua, ila kila punje yake hubeba nguvu mara maelfu kuliko nuru tunayoiona. Ndani ya mashine, elektroni husukumwa kwa umeme wa makumi ya maelfu ya volti, zikagonga kipande cha metali nzito kama tungsteni, na kwa kugonga huko eksirei hutoka. Zikiingia mwilini, nyama huzipitisha nyingi, kwa kuwa imejaa haidrojeni, kaboni na oksijeni, ambazo atomu zake ni nyepesi. Mfupa una kalsiamu, yenye atomu nzito zaidi, nao huzizuia. Picha anayoishika daktari ni kivuli tu, kivuli cha kila kitu kilichokuwa njiani.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kwa nini eksirei za nyota hazitufikii. Hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito sawa na maji yenye kina cha mita 10. Kifua cha mtu mzima hakifiki hata sentimita 30, na bado kinazuia sehemu kubwa ya mionzi. Mita 10 za maji hazipitishi eksirei yoyote itokayo kwenye nyota. Kwa viumbe hai hiyo ni rehema kubwa, lakini mwanafalaki anayetaka kuziona hana budi kupeleka chombo chake juu ya hewa.

Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, alifanya hivyo na wenzake tarehe 18 Juni 1962. Roketi yao ilikaa juu ya hewa dakika chache tu, ikikusudiwa kuuchunguza Mwezi. Badala yake ikapokea eksirei kali kutoka upande wa kundi la nyota la Nge. Dakika hizo chache zilitosha kuthibitisha kwamba mbingu imejaa kitu ambacho hakuna mwanadamu aliyekuwa amekiona. Kilichohitajika baada ya hapo ni chombo cha kukaa juu miezi na miaka.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walikuwa na jukwaa la kurushia roketi, San Marco, lililosimikwa baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kutoka jukwaa hilo, tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Marekani ya aina ya Scout ilipaa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya elimu ya nyota kwa eksirei. Uzito wake ulikuwa kama kilo 140. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, na Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa setilaiti jina la Uhuru.

Malindi haikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake. Iko karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, hivyo roketi ndogo hupata msukumo wa bure. Sababu ya pili ni kubwa zaidi kwa shughuli hii. Juu ya Atlantiki ya Kusini, upande wa Brazili, kuna eneo ambako chembe zenye chaji ya umeme hushuka karibu na dunia kwa wingi. Kipimaji cha eksirei kikipita humo huhesabu chembe hizo badala ya nyota. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa karibu eneo lote hilo. Bila mahali petu, kazi ile ingekuwa ngumu zaidi na matokeo yake hafifu zaidi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba vingi ni nyota mbili zinazozungukana, moja ikiwa imesongamana mno, inainyonya gesi ya mwenzake. Gesi ikianguka hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 ndivyo vilivyowafanya wanasayansi waanze kukubali kwamba shimo jeusi si ndoto ya wanahisabati. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

Na hospitali imefaidi nini? Imefaidi mengi. Tuchukue mashine ya CT, ambayo leo daktari wa Kampala huiagizia mgonjwa aliyegongwa na bodaboda akaumia kichwa. Fikiria umepewa fenesi, umekatazwa kulipasua, lakini unaruhusiwa kulimulika kutoka kila upande na kupima ni kiasi gani cha mionzi kimezuiwa katika kila mstari. Je, unaweza kuchora mahali ilipo kila mbegu? Swali hilo lilimkabili Ronald Bracewell, mwanafalaki wa Australia, katika miaka ya 1950. Antena za redio za wakati ule zililiona jua kwa vipande vyembamba, mstari mmoja baada ya mwingine, naye akatafuta hesabu ya kuurudisha uso mzima wa jua kutokana na mistari hiyo. Aliichapisha mwaka 1956. Mwaka huohuo, hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, ilimwajiri kwa muda mwanafizikia Allan Cormack asimamie mionzi ya tiba, naye akaanza kulitafakari swali lilelile kwa ajili ya mwili wa mtu. Kila mmoja alifika kwa njia yake. Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine ya CT aliyoibuni Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London, na mwaka 1979 Cormack na Hounsfield wakagawana Nobel ya tiba. Hesabu alizoziendeleza Bracewell kwa ajili ya jua zikawa sehemu ya elimu ya mashine hizo.

Mfano mwingine ni kuhesabu punje za mionzi moja moja. Nuru ya nyota ni haba, kwa hiyo mwanafalaki hawezi kupoteza hata punje. Sasa zipo mashine za CT zinazohesabu punje moja moja vivyo hivyo. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2021. Faida kwa mgonjwa ni picha safi zaidi kwa mionzi michache, na mionzi michache ni jambo la uhai. Picha moja ya kifua humpa mtu kiasi anachokipata kutoka mazingira yake kwa siku kama 10 hadi 15. CT ya kifua humpa zaidi ya anachokipata kwa mwaka mzima.

Sisi tumekuwa wenyeji wa mambo haya kwa muda mrefu. Tulikuwa na eksirei mapema, tukawa na bandari ya kwenda angani mapema. Wanafizikia wetu wenyewe ndio tuliochelewa kuwapata. Machi 2016 mashine pekee ya tiba ya saratani kwa mionzi nchini Uganda, pale Hospitali ya Mulago, iliharibika moja kwa moja, na mpya ikazinduliwa mwaka 2018. Wagonjwa waliohitaji mionzi ilibidi watafute njia ya kufika Nairobi na kwingineko, na wengi hawakuwa na nauli. Hata hivyo, Uganda imeshapeleka angani setilaiti yake ndogo, PearlAfricaSat-1, mwaka 2022. Kenya nayo ilipeleka Taifa-1 mwaka 2023. Vijana wanaosoma fizikia ya anga Mbarara wanajifunza vipimaji na hesabu zilezile zinazohitajika katika chumba cha mionzi.

Nawaomba wakuu wa vyuo vikuu na wizara zetu wawafungulie vijana hao mlango wa hospitali: wapewe mafunzo ya fizikia ya tiba, mishahara na nafasi za kudumu. Nawe mzazi, mwanao akikuambia anataka kusoma nyota, mlipie ada.

Sehemu ya tatu itahusu uvimbe wa taya kwa watoto, ambao Cook aliuandika katika kumbukumbu za Mengo miaka mingi kabla Denis Burkitt hajauelezea mwaka 1958.