Mbegu za Mradi, Mbegu za Jikoni

Mwaka 1995 kituo cha utafiti cha Serere, mashariki mwa Uganda, kilitoa mtama mweupe uitwao Epuripur. Baadaye kiwanda cha Nile Breweries kikaanza kuutumia kwa bia ya Eagle, na mkulima akapata mnunuzi. Huo ni ushindi, sibishi. Ila Epuripur una tanini kidogo: kiwanda kinaupendea hilo, na ndege nao vilevile. Mtama mwekundu wenye ukakasi ndege huuacha mpaka wakose kingine.

Huku Arua na Koboko, eneo la West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, mtama haupandwi kwa kazi moja. Upo wa kuchanganya na unga wa muhogo kwa ugali, upo wa kimea cha kwete, pombe ya kienyeji, upo unaowahi kukomaa chakula kikipungua. Mama huchagua masuke mazuri wakati wa kuvuna, akayaning'iniza juu ya mafiga ili moshi ufukuze wadudu. Afisa wa mradi akipita shambani huona mchanganyiko usio na mpango. Mtafiti wa mbegu akipita palepale, kama ana macho, huona ghala.

Gebisa Ejeta, mtaalamu wa Ethiopia aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, alikishinda kiduha kwa macho ya namna hiyo. Gugu hilo huamshwa na kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mtama. Yeye akatafuta mtama unaoitoa kidogo sana, akaupandanisha na aina zenye mavuno. Sifa hiyo hakuitunga maabara. Aliikuta kwenye mtama wenyewe.

Nasi tuko jirani na chimbuko la mtama. Ushahidi wa kale kabisa wa mtama uliolimwa umepatikana mashariki mwa Sudan, wa zaidi ya miaka 5,000. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Watu wa West Nile walikimbilia huko baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, kisha wakarudi. Leo kambi ya Rhino imejaa Wasudan Kusini, na ya Lobule inahifadhi Wakongo. Mbegu huhama na watu: anayetaka kuchora ramani ya mtama wa huku aanze na ramani ya ukimbizi.

Sasa turudi kwenye mradi wa mbegu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, mvua za kwanza huanza Machi au Aprili, na katikati kuna zabuni, ukaguzi na malori. Malalamiko kwamba mbegu za Operation Wealth Creation, mpango wa serikali wa kugawa pembejeo, zilifika mvua ikiwa imeshapita yalisikika nchi nzima. Mkulima hangoji, huenda sokoni. Utafiti wa McGuire na Sperling wa mwaka 2016, uliogusa Kenya, Kongo na Sudan Kusini miongoni mwa nchi sita, ulionyesha kuwa asilimia 90 hivi ya mbegu za wakulima wadogo hutoka nje ya mfumo rasmi, na nusu hutoka masoko ya karibu.

Mpango wa ISSD wa kuendeleza sekta ya mbegu, ulioanza West Nile mwaka 2012, uliikaribia zaidi njia ya mkulima: vikundi vya wakulima vizalishe mbegu na kuziuza hapahapa. Lakini lebo ya ubora hupewa aina zilizosajiliwa tu, na mtama wa jikoni haujasajiliwa popote. Fomu za ripoti zina safu ya kilo zilizogawiwa. Safu ya aina zilizobaki kijijini sijaiona, ingawa kuijaza kungehitaji tu kuwauliza akina mama wakati wa mavuno, kabla lori halijapakiwa.