Maji machafu ya bwawa la samaki, chakula cha spirulina

Ukimwaga chakula bwawani, usidhani chote kinageuka kuwa nyama ya samaki. Mara nyingi zaidi ya nusu ya naitrojeni iliyomo hurudi majini kama amonia, kinyesi na mabaki. Siku ya kubadilisha maji, mzigo huo wote unaelekea mtoni au ziwani.

Njia moja inayojaribiwa na wanasayansi itamshangaza mkazi wa Kisumu: kutumia sainobakteria. Ndio, kundi lile lile linalogeuza maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, kuwa kama supu ya kijani.

Ila aina ni tofauti. Huko Winam wamo Microcystis, wanaoweza kutoa sumu. Kwenye majaribio mengi hutumika spirulina, chakula cha flamingo katika maziwa ya magadi kama Nakuru na Natron. Binadamu pia huila.

Kazi yenyewe haifanyiki ndani ya bwawa la samaki. Maji yakitoka huchujwa kinyesi kizito, kisha huingizwa kwenye tangi jingine la kina kifupi linalopigwa na jua. Humo spirulina inakua kwa kutumia mwanga, na ili ikue inahitaji naitrojeni na fosforasi, yaani uchafu ule ule unaomsumbua mfugaji.

Halafu lazima ivunwe. Ikiachwa ife humo, inaoza na kurudisha kila ilichofyonza. Bahati nzuri, nyuzi zake zinanaswa kwa kitambaa chenye matundu madogo. Ikikaushwa, protini inafika asilimia 60 hivi au zaidi, na inaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya unga wa dagaa kwenye chakula cha samaki.

Kuna mtego, lakini. Spirulina inapenda maji ya magadi, pH ya 9 hadi 10, na kwenye maji ya namna hiyo amonia nyingine hupaa tu hewani. Kipimo kikionyesha imepungua, si yote imeliwa. Na maji hayo hayawezi kurudishwa kwa sato kabla pH haijashushwa.

Kwa wenye vizimba ndani ya Ziwa Victoria, njia hii haisaidii: kinyesi kinadondoka moja kwa moja ziwani, hakuna bomba la kukikusanya.